Namba Kwenye Boneti

Alhamisi, 3 Agosti

Nesi wa kliniki alivishika vidole vyangu, akavigeuza, akakunja uso. Ngozi imebanduka mpaka viganjani, kucha mbili zimeanza kuwa nyeusi. Akasema miezi mitatu nisiguse maji ya sabuni. Nikamwambia, dada, mimi naosha magari. Akasema basi tafuta kazi nyingine. Rahisi hivyo! Nina miaka arobaini na mbili, sita kati ya hiyo nimeshika ndoo kwa Bosi Amnuai. Lampang nzima nani ataniajiri na mikono ya maganda?

Jioni nikamfuata bosi. Pale kwetu kazi kavu ni mbili tu: keshia, ambaye ni mke wake, na mashine ya polishi, ambayo haina mtu tangu Virote ahamie Bangkok. Nikaomba mashine. Sakda, mwoshaji mwenzangu, alicheka mpaka akamwaga maji. Bosi hakucheka. Aliingia stoo akatoka na boneti nyeusi aliyoinunua skrapu, imejaa mikwaruzo, akailaza juu ya matairi manne. Akasema jifunzie hapa. Tarehe 31 ataikagua kwa tochi. Ikiwa safi, gari jeusi la daktari wa meno linaloletwa tarehe 2 ni langu, na mashine ni yangu. Ikiwa chafu, anamwita fundi kutoka Chiang Mai.

Na mimi nirudi kwenye ndoo. Au nyumbani.

Ijumaa, 4 Agosti

Aibu! Niliwasha mashine kabla haijagusa rangi. Dawa ya polishi ikaruka — ukutani, usoni kwangu, mpaka upande wa pili kwenye kibanda cha tambi cha Shangazi Lamduan. Akatoka na mwiko. "We Wandee! Unampaka mteja wangu chokaa?" Mteja alikuwa anajifuta shingo. Nikaomba radhi mara kumi.

Alivyonifundisha bosi, niyakumbuke: matone manne, kila moja kama mbaazi. Ilaze mashine kwanza ndipo uwashe. Waya begani. Usikandamize. Tembeza polepole kama unapiga pasi shati la harusi. Kisha futa, washa tochi, tazama.

Jumatatu, 7 Agosti

Mgongo unauma. Mabega yanauma. Mikono mikavu siku ya nne — kavu! Usiku sikuamka kujikuna.

Ijumaa, 11 Agosti

Nilijua nimeweza. Boneti inang'aa, naiona mpaka chunusi yangu. Nikamwita bosi kwa mbwembwe, hata Sakda nikamwita aje ashuhudie. Bosi akawasha tochi.

Yesu na Buddha wote! — kama anavyosema mama mkwe wangu. Chini ya mwanga kulikuwa na mawimbi, mizunguko, vipinde vimepandana, vyote alama za mashine yangu mwenyewe. Nimetoa mikwaruzo ya zamani nikaweka ya kwangu. Bosi akasema naiinamisha mashine upande mmoja, nailalia kama mto. Sakda akaniambia nisijali, usiku gari halionekani. Nilimrushia kitambaa.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo kimetokea kichekesho. Shangazi Lamduan alikuja kudai bakuli lake, jua likawa linapiga boneti kwa upande. Akasimama. Akainamisha kichwa. "Nani kaandika hapa?" Nikamwambia hakuna aliyeandika, ni mawimbi ya mashine, nimekosea pembe. Hakunisikia. Alikwenda kuleta poda ya mtoto, akainyunyiza, akasugua kwa kiganja taratibu, akapiga kelele: nne! saba! Eti gari lililopata ajali huacha roho ya marehemu ndani ya chuma chake, na hiyo roho inasema namba.

Nikamwambia shangazi, aliyesema ni mimi, kwa mkono mbovu. Tayari alikuwa ameshavuka barabara kwenda kwa muuza tiketi za bahati nasibu.

Jumatano, 16 Agosti

Saa kumi jioni wametangaza. Tarakimu mbili za mwisho: 47.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Shangazi alimkumbatia Sakda akiwa na mapovu mwili mzima. Muuza matunda kashinda. Mke wa bosi kashinda. Bosi pia alinunua, mwongo mkubwa, alificha tiketi kwenye kofia! Shangazi alikuja kunishika mashavu, machozi yanamtoka, akasema sasa paa la jikoni kwake halitavuja tena. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli. Ana miaka miwili anapika na mwavuli.

Mimi sikununua. Nani anunue makosa yake mwenyewe?

Alhamisi, 17 Agosti

Nimefika na mashine yangu, nakuta boneti ina shada la maua ya njano, vijiti vya ubani, na chupa mbili za soda nyekundu zenye mirija. Nikaanza kuondoa. Watu watatu wakanikemea kwa pamoja. Bosi akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, iache kwanza. Ipite tarehe moja, siku ya bahati nasibu, wameshaanza kuiomba namba ya pili." Nikamuuliza, na mtihani wangu? Akajikuna shingo.

Naye anaogopa. Asubuhi nilimwona akiiinamia ile boneti viganja vimekutana, akifikiri niko bafuni.

Jumamosi, 19 Agosti

Kwa kuwa hakuna pa kujifunzia, bosi kanirudisha kwenye ndoo. "Kwa muda tu." Magari saba leo. Nilivaa glavu, maji yakaingia kwa juu, vidole vikachemka humo ndani.

Alhamisi, 24 Agosti

Wanakuja mpaka kutoka soko la juu. Kila mmoja na poda yake. Wanasugua kwa nguvu, na pete, na bangili, nami nasikia kila mkwaruzo. Halafu mikwaruzo ileile ndiyo wanayoisoma! Mmoja anaona tatu, mwingine nane, wanabishana. Makosa yangu yanaabudiwa, na mimi naosha tairi.

Nilitaka kuwafukuza wote. Kisha akaja bibi mmoja mwembamba, hakuleta poda. Alilaza shavu juu ya boneti, akanong'ona muda mrefu. Sikusikia alichoomba. Nilizima bomba la maji mpaka alipomaliza.

Jumapili, 27 Agosti

Kidole cha kati kimepasuka. Sakda ameosha magari yangu matatu. Nilipomshukuru akadai anataka tu nimwachie redio.

Jumanne, 29 Agosti

Bosi amempigia simu fundi wa Chiang Mai! Nimesikia kwa masikio yangu, nilikuwa nyuma ya pazia la plastiki. Akasema njoo Jumamosi, gari la daktari, mtu wangu hajawa tayari. Mtu wangu!

Nikatoka na sponji mkononi. Nikamwambia bosi, umenipa boneti, ukaninyang'anya boneti, sasa unasema siko tayari. Akaniambia nielewe, mtaa mzima utamlaumu ikiguswa. Alikuwa na haya usoni, simlaumu sana. Ila nilimwonyesha mikono yangu. Niliishikilia mbele ya macho yake mpaka akatazama pembeni. Akasema ahadi ya tarehe 31 iko palepale, ila atakagua nini wakati boneti haishikiki?

Naogopa kuandika ninachofikiri.

Alhamisi, 31 Agosti

Naandika stoo, nimekalia ndoo, mlango nimeurudisha. Bado wako nje.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Bosi kampeleka mama yake hekaluni, harudi mpaka saa nne. Nikakutanisha viganja mbele ya boneti. Nikasema: kama upo humo, nisamehe, sikufukuzi, nakusafisha. Nikahamisha maua, ubani, soda — kumi na moja! — nikavipanga vyote mezani kwa heshima. Nikamwaga maji mengi nitoe poda, maana poda chini ya mashine ni sawa na mchanga. Nikaikausha. Nikabandika tepu kwenye kingo.

Kisha matone manne. Nikalaza, nikawasha. Safari hii sikuilalia mashine. Niliiacha ikae yenyewe, bapa, mkono ukiiongoza tu. Mstari mmoja kwenda, mwingine kurudi, kisha kukatiza. Nikafuta, nikawasha tochi, nikarudia palipobaki kitu. Nikabadilisha sponji, nikaweka dawa laini. Sakda alifika saa moja na nusu, akasimama mlangoni, akasema "mama yangu wee," akaanza kunishikia waya usiguse rangi. Sikumwomba. Saa tatu unusu nilikuwa kona ya kushoto, mkono wa kulia umekufa ganzi, plasta ya kidole imeloa. Nikamaliza hivyohivyo.

Nilipoutazama mwanga ndani yake sikuona alama ya mkono wangu popote. Weusi tu, na taa. Nililia kidogo. Basi.

Shangazi Lamduan akaingia na kopo la poda, nyuma yake watu kama ishirini, kesho si ndiyo siku ya bahati nasibu. Akatazama boneti. Akanitazama mimi. "Umefanya nini, Wandee?" Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Nikamwambia shangazi, leo ndiyo siku ya mtihani wangu. Akaniuliza, "Na sisi je?" Nikamwonyesha viganja. Alivishika, akavitazama, akaviachia polepole.

Muuza matunda akasema pengine imebaki namba moja mahali. Hapo wote wakatoa simu, wakawasha tochi, wakainama. Tochi ishirini! Bosi ana moja tu. Akafika naye katikati ya zogo hilo, na shati lake jeupe la hekaluni. Nilidhani atanifukuza palepale. Aliwasukuma, akatazama. Akapiga magoti. Nikakimbilia huku stoo.

Watu ishirini na mmoja wanakagua kazi yangu, na ishirini wanaomba niwe nimekosea. Nasikia kila neno. "Hapa hamna." "Na hapa hamna." "Huyu kafuta kila kitu, hata alama!" Wananisema vibaya na sijawahi kusifiwa hivi.

Sasa hivi mtu kapiga kelele: "Hii hapa!" Kalamu imenidondoka. Miguu mingi, wanasogea.

Sauti ya bosi: "Huo unywele wako."

Wameguna. Sakda amechungulia, kaniambia kwa vidole: robo tatu ya boneti imepita, bosi hajapata kosa. Imebaki kona ya kushoto. Bosi macho yameanza kumchoka, anataka mtu amshikie tochi chini kabisa, mwanga ulale juu ya rangi. Nachungulia kwenye ufa wa mlango. Shangazi Lamduan ameweka chini kopo lake la poda na ameichukua tochi yeye.