Taa Mchana Kweupe

Delta ya Mississippi, 12 Julai 1926

Mjukuu wangu Lucious,

Hujambo? Mimi sijambo, ila miguu na hasira. Huna haya wewe? Miaka yote hujakanyaga hapa, halafu unasema Jumapili unakuja kunichukua, nami nakaa juu ya sanduku, kofia kichwani, mpaka kuku wanakwenda kulala. Treni unaijua: mkata tiketi haniuzii, mwenye shamba kamkataza, eti hatoki mtu kabla ya pamba kuvunwa. Na ikivunwa, kuna kulima tena. Darajani kamweka msimamizi wake, Crenshaw, juu ya farasi, anauliza kila mweusi anakwenda wapi. Njia yangu ni wewe tu. Uko wapi?

Anayeniandikia ni Odessa, binti wa mchungaji. Kuna jina nimekuita, amekataa kuliandika.

Bibi yako,
Permelia

Detroit, 26 Julai

Shikamoo Bibi,

Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila aibu inanila. Nilifika Memphis tu, gari likanifia. Dainamo ya gari, ile inayopika umeme, haijui betri imeshiba. Ukienda mbio kutwa nzima inaendelea kupika mpaka inajichoma yenyewe. Kwa hiyo sisi madereva huwasha taa mchana, umeme upate pa kwenda. Nilifanya hivyo mpaka nilipoingia kusini, polisi akanisimamisha: "Wewe, unalimulikia jua?" Wenzake wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Nikaogopa, nikazima. Baada ya saa chache nikasikia harufu ya kuungua, risasi inayounga nyaya za dainamo imeyeyuka. Nimeweka dainamo nyingine. Naweza kuipunguza nguvu, lakini usiku taa zitafifia, nitakuwa kipofu. Sijui nifanyeje, Bibi. Nikiwasha wananishika, nikizima inaungua.

Mjukuu wako,
Lucious

Delta, 9 Agosti

Lucious wangu,

Umekula? Usinijibu kahawa. Jina lile nimelifuta.

Crenshaw sasa anapita hata jioni kuchungulia kama sanduku langu liko pale pale. Nimelifanya meza, nakula mkate wangu wa mahindi juu yake, Crenshaw akiona.

Odessa alimsomea rafiki yangu Vashti barua yako. Yuko kitandani, unajua hainuki tena. Akacheka mpaka akakohoa. "Permelia, gari gani linawasha taa mchana na mzungu anavua kofia?" Nikamfuta mdomo. "Linalofuata jeneza," akasema. "Na makaburi yetu yako ng'ambo ya daraja. Ningoje kidogo."

Nikamwambia afunge mdomo anywe supu. Hakuinywa.

Bibi yako

Delta, 23 Agosti

Lucious,

Salamu baadaye. Vashti ametuacha jana alfajiri, mkono wake mkononi mwangu. Yuko kwa mzikaji mjini, kwenye barafu. Mwenye shamba anajua sisi hatuziki mpaka watoto wa kaskazini wafike, kwa hiyo gari la Detroit halitamshangaza mtu. Tunazika Jumamosi ya wiki ijayo.

Vaa suti nyeusi. Washa taa tangu nyumbani kwako. Ukisimamishwa, sema unakwenda kumzika Vashti, na utakuwa husemi uongo. Kaa nyuma kabisa ya msafara. Mimi sibebi sanduku, nakuja na kofia yangu tu. Acha nimtupie rafiki yangu udongo, usinihimize; kisha nitaingia garini mwako, twende kaskazini. Wenzako watazima taa pale makaburini. Wewe usizime.

Bibi yako