Chai ya Rangi Niliyowapa Waposaji

Mpendwa Njeri,

Huku kijijini Bahati tuko wazima, na mimi zaidi! Mwezi mzima tangu harusi, na Kariuki wangu bado ananishika mkono tukienda kanisani. Mama yako anaona haya. Mwambie azoee.

Umeuliza, kwa utafiti wako wa chuo, kama watu wa hapa wanajua kwamba maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki hayanywewi hadi siku za dawa ziishe. Wanajua, mpenzi. Nikiwa msichana, wazee wa kijana mmoja walikuja kuniposa. Ng'ombe wetu wa pekee alikuwa amedungwa jana yake, kiwele kimevimba. Mama akaninong'oneza, "Chemsha tu, dawa itaisha." Nikamwaga maziwa yote, nikawapa wageni chai ya rangi.

"Hata maziwa hatustahili?" mzee wao akauliza.

"Ng'ombe ana dawa, na moto hauiondoi. Sitawanywesha."

"Kwetu huchemshwa, msichana."

"Basi mkachemshie kwenu."

Mama alishika kichwa. Wakaondoka, posa ikafia hapo. Kwa hivyo andika hivi: watu wanajua, ila wanaogopa kuaibika mbele ya wageni. Mimi sikujuta, na sijuti.

Mmoja tu ndiye aliyemaliza kikombe, dereva wa pikapu yao, akaomba cha pili. Mimi na yeye kila mmoja akaoana na mtu mwingine, kisha sote wawili tukafiwa na wenzi wetu. Dereva huyo ndiye Kariuki. Sasa namchemshia chai kila asubuhi, na ina maziwa tele.

Shosho wako, nyanya aliye bibi harusi