Saruni Parsaoti, Uliyekuwa Ukitumwa na Mheshimiwa

Mwaka mzima umeisha, Saruni, tangu tulipokulaza hapa nyumbani Isinya, na bado mbuzi wako wakisikia pikipiki yoyote wanakimbilia lango wakidhani ni wewe.

Miaka saba ulifanya kazi katika ofisi ya Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi yetu, pale Kitengela. Yeye alikuwa Kajiado kwenye bunge la kaunti, ama Mombasa kwenye semina, ama popote penye hoteli nzuri. Wewe ndiye uliyekuwa ukienda matangani. Kila Jumamosi ulivaa lile koti la kijivu, ukasimama mbele ya wafiwa na kusema, "Mheshimiwa amenituma." Halafu ukasoma barua yake ya rambirambi.

Barua yake wapi! Hakuwahi kuandika hata moja. Siku moja kabla, wewe ulifika kwa wafiwa, ukaketi na mama wa boma, ukauliza: Marehemu alipenda nini? Alikuwa akicheka vipi? Ng'ombe aliyempenda anaitwa nani? Ukayaandika yote kwenye daftari, ukachapisha, yeye akatia sahihi. Watu wakasema Mheshimiwa anatujua mmoja mmoja, wakampa kura mara ya pili. Anamjua nani huyo? Mama yako mzazi alimsalimia sokoni, naye akampungia mkono kama mtu aliye juu ya lori la kampeni, na walikuwa hatua mbili tu.

Ulipougua hakuja hospitali. Siku ya kukuzika pia hakuja. Kutoka kwenye kiti chake Kajiado hadi kaburini kwako ni nusu saa, tena kwa barabara ya lami. Alimtuma Ouma, dereva wake, na barua.

Lakini hiyo barua, Saruni! Ilisema hukuwahi kunywa chai kabla Yeyo, mama yako, hajapata yake. Ilisema ukimkosea mke wako Nailantei ulikuwa ukiosha sufuria bila kuambiwa. Ilisema ulimbeba binti yako Soila mgongoni ukimwimbia nyimbo za kanisani, na maneno ukiyakosea kila mara. Tulilia sote. Yeyo akasema, "Kumbe huyu mtu alikuwa anamjua mtoto wangu." Akamsamehe kutokuja, na tangu siku hiyo amekuwa akimwombea kwa jina kila asubuhi.

Mwezi jana Mheshimiwa akapiga simu. Uchaguzi unakaribia, si unajua. Anataka kuja kwenye ibada yako ya ukumbusho, apewe maikrofoni, azungumze kuhusu "rafiki yangu Saruni". Yeyo alifurahi sana. Nailantei akafungua ule mfuko wa vitu vyako vya hospitali, ambao mwaka mzima hakuwa na moyo wa kuugusa, atoe koti lipigwe pasi, litundikwe karibu na picha yako. Chini ya koti akapata daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ile barua, neno kwa neno, kwa mwandiko wako.

Akampigia Ouma, naye Ouma akashindwa kudanganya. "Mama Soila, nisamehe. Saruni alinipatia nakala akiwa wodini. Aliniambia, 'Huyo hataandika kitu, na sitaki Yeyo aaibike mbele ya watu.' Nikaenda kuichapisha, nikampelekea mdosi. Aliweka sahihi akiongea na simu. Hata hakuangalia ni nani amekufa."

Lo! Mtu anatia sahihi rambirambi zako bila kujua ni wewe uliyekufa, halafu mwaka ukiisha anataka kipaza sauti. Hana haya hata kidogo.

Tulibishana kama Yeyo aambiwe, kwa sababu tulijua tunamnyang'anya mtu mmoja wa nje ambaye yeye Yeyo aliamini alikuthamini. Mwishowe Nailantei aliketi naye pale nje, akamsomea daftari. Yeyo alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa shuka.

"Kwa hivyo ni yeye mwenyewe alikuwa anatuaga," akasema. "Hebu nisomee tena."

Alisomewa mara tatu.

Mheshimiwa tumeshamjibu. Akitaka aje Jumamosi, akae kwenye viti vya plastiki na watu wengine, na chai atapata baada ya Yeyo. Maikrofoni hapati. Barua yako itasomwa tena na Soila, na safari hii mwisho wake litatajwa jina lako.

Unakumbukwa na mama yako Yeyo, mke wako Nailantei, binti yako Soila, ndugu yako Dennis na dada yako Ann, pamoja na maboma yote ya wadi uliyoyafikia yakiwa na msiba. Siku zote utakuwa nasi, Saruni.

Na sisi hatujatumwa na mtu.