Kompyuta za Chini ya Kitanda

Bukavu, Jumatano usiku

Naandika haya kwa furaha, mimi mwalimu mstaafu.

Miaka yote mke wangu amenihimiza nizitupe kompyuta zangu za zamani. Leo binti yetu Neema amezivuta mwenyewe kutoka chini ya kitanda. Kesho anawakabidhi wauguzi wa zahanati ya Nyangezi tovuti ya kuagizia dawa aliyoitengeneza. Kwenye kompyuta yake mpya haina kasoro, lakini wauguzi wanatumia mashine kuukuu kama zangu. Wakishindwa kuagiza, wagonjwa watakosa dawa.

Tulisubiri umeme hadi alasiri, tukaifungua tovuti katika vivinjari vitatu, kimoja kwa kila mashine. Viwili vilikubali. Katika kompyuta kongwe kuliko zote, kitufe cha kutuma agizo hakikuonekana kabisa.

"Papa, butoni haiko," Neema alisema. "Hii ordinatere iko muzee kuliko mimi."

"Na iko na heshima kuliko wewe," mama yake alimjibu kutoka jikoni.

Sikumsahihisha yeyote lugha. Nilikuwa nikimtazama Neema akiandika upya mistari michache, huku nikiomba umeme usikatike. Kisha kitufe kikatokea, cha kijivu, kibaya kwa sura. Nilikibonyeza mimi. Agizo likaingia kwenye simu yake.

Ninachohofia sasa ni mashine za wauguzi wenyewe, ambazo hatujaziona.

Kesho nitakwenda naye Nyangezi. Hajanialika, lakini shati nimekwisha kulipiga pasi.