Uzi Mwekundu wa Kiti cha Saba

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikupate umeketi, maana ukiisoma umesimama jikoni chakula kitaungua na lawama itakuwa yangu. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Gatitu? Ile dawa ya kupaka uliyoletewa na mdogo wangu Wangui unaitumia, ama umeiweka kabatini ikutazame? Na ng'ombe amezaa? Mimi mwili uko sawa, nashukuru Mungu. Kuhusu moyo, ndiyo sababu naandika.

Aliyekuletea bahasha ni Mutua, kijana wa Kitui ninayefanya kazi naye. Mpe chai, umwongezee sukari bila kumuuliza. Atakuwa amekupa pia kitu kizito kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Tafadhali usikifungue mpaka nikuambie. Najua umeshakifungua, Mama, nakujua. Basi kifunge tena unisikilize.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, mara nyingi. Kila nikisikia sauti yako ikiniuliza kwa kile Kiswahili chako cha Kakamega kama nimekula, nasema nimekula, nasema kazi ni nzuri, na maneno niliyoyapanga wiki nzima yanarudi tumboni. Karatasi haiwezi kuniuliza kama nimekula.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri. Uliwaambia watu wa kanisa ati naendesha bembea za Waarabu, na Wangui akacheka. Hukukosea sana. Hapa kuna reli iliyopinda angani, inapanda juu kuliko mnara wa kanisa, halafu inaanguka na watu wanapiga kelele. Sisi tunaingia alfajiri kabla ya wageni. Tunatembea kando ya reli hiyo tukiwa tumejifunga kamba, tunaangalia nati moja moja. Kila nati imechorwa mstari wa rangi unaopita mpaka kwenye chuma. Ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na unaona. Breki nazo ziliniacha mdomo wazi. Nilidhani umeme ndio unaozifunga. Kumbe umeme ndio unaozifungua, na ukipotea zinajifunga zenyewe. Waliochora mambo haya walijiuliza kwanza: siku mambo yakiharibika, mtu atakuwa wapi?

Kabla wageni hawajaingia, tunajaza watu wa plastiki maji, tunawakalisha vitini na kuwazungusha. Siku ya kwanza nilipowaona nilicheka mpaka mkubwa wangu akanikasirikia. Nilimkumbuka Baba akipakia magunia ya viazi kwenye bembea yake pale uwanjani kwetu, akiyazungusha na kuyasemesha: "Shikeni sana, nyinyi viazi!" Nawe ukitoka kulalamika ati viazi vitapondeka.

Mama, lazima niongee juu ya bembea hiyo. Najua hutaki kusikia jina lake. Vumilia.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mikono minane ya mbao juu ya bering ya lori, viti vinane vikining'inia kwa minyororo, na wanaume wawili wakisukuma. Kila kiti kilishikwa na ndoano, na ndoano ikafungwa kwa pini ya chuma. Kila sikukuu tuliibeba kwa pikapu mpaka Kiriaini au Kangari, na watoto walitujua kwa majina. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi, najiona mtu mkubwa.

Baba alikuwa na sheria yake. Mimi natia pini, na kila nikitia moja nafunga juu yake kipande cha uzi mwekundu, ule uzi wako wa kufuma sweta. Yeye anakuja nyuma yangu, anavuta kiti kwa nguvu zake zote, akiridhika anakata uzi kwa kisu na kuutupa. Kiti chenye uzi hakijakaguliwa. Kiti kisicho na uzi kiko tayari. Hakuna mtoto aliyepanda kiti chenye uzi, hata alie vipi.

Siku ile ya Kiriaini watoto walikuwa wengi kuliko siku zote. Nilitia pini viti sita. Ya saba nilikuwa nayo mkononi wakati Kamau, yule rafiki yangu wa shule, aliponiita nione bao kwenye simu yake. Niliitia pini mfukoni, nikaenda. Niliporudi nilianza na kiti cha nane. Nakuambia kama ilivyokuwa, Mama, bila kujipaka mafuta. Nilienda kuangalia mpira.

Baba alikuja akikagua. Alipomaliza cha sita, karani wa soko alimwita waongee juu ya mahali tulipoweka pikapu. Aliporudi akaona cha saba hakina uzi na cha nane kinao. Akadhani cha saba ameshamaliza. Akavuta cha nane, akakata uzi. Wangui alikimbia mbele ya watoto wote kwa sababu ni bembea ya baba yake, na alipenda kiti cha saba kwa ile picha ya njiwa uliyomchorea.

Mengine unayajua. Mzunguko wa tatu ndoano ikateleza. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma.

Kile usichokijua kilitokea nyuma ya zahanati, wakati wewe bado hujafika. Nilitia mkono mfukoni nikaigusa ile pini. Nikaitoa, nikamwonyesha Baba. Aliiangalia kwa muda, halafu akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Nani aliangalia mwisho?" akaniuliza.

"Baba, mimi nilisahau..."

"Nimeuliza nani aliangalia mwisho. Ni mimi. Hiyo kiti ilikuwa yangu. Wewe funga mdomo, umesikia? Mama yako akikukasirikia wewe, utatoroka. Mimi siwezi toroka, niko na bibi na shamba."

Ulipofika alikwambia mbele ya watu wote kwamba ni yeye. Nilikuwa nimesimama hapo, Mama, na pini mkononi. Nilinyamaza. Nilinyamaza siku hiyo, na siku Wangui alipotoka hospitalini na lile gongo, na siku daktari aliposema nyonga haitarudi ilivyokuwa. Halafu nikatoroka hata hivyo, hadi huku, na pini nikaibeba.

Nawe ukamnyima Baba maneno. Sikulaumu, mtoto ni mtoto. Lakini nilikuwa naona. Ulimpikia kila siku, ukamfulia, alipougua kifua ukamchemshia majani. Ila kumwongelesha, hapana. Chakula kikiiva ulimwambia Wangui, "Mwambie baba yako chakula kiko tayari," na Baba yuko pale pale mlangoni anasikia. Naye alikuwa anangoja mpaka Wangui amwambie ndipo aje mezani. Miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kukwambia ni mimi, na mimi nilikuwa natuma salamu.

Alipokufa niliomba ruhusa ya kuja. Ruhusa ilitoka siku nne baada ya mazishi. Wangui alinishikia simu juu nikaona. Niliona jeneza, nikaona baba mdogo akilia, nikaona watu wakipanga foleni kurusha udongo. Nilikutafuta. Ulikuwa umesimama kule kando ya banda la mbuzi, mikono umeikunja ndani ya leso, na hukuja. Wangui alidhani sijaona, akageuza simu haraka.

Nilijiambia nitasema baada ya arubaini. Arubaini ikapita, nikanyamaza tena. Mwanao ni mwoga, Mama, lazima ulijue na hilo.

Kilichonivunja ni mafunzo. Injinia wetu ni mama mmoja wa Ufilipino, mfupi, mkali, anaitwa Luz. Alikuwa anatufundisha juu ya alama, jinsi fundi anavyomwonyesha mwenzake kwamba kazi imekamilika. Aliuliza nani kwao aliwahi kufanya kazi kama hii. Mimi na kiherehere changu nikainua mkono. Nikamweleza sheria ya uzi mwekundu, najivunia, nataka wajue mzee wangu alikuwa na akili.

Akatikisa kichwa polepole. "Baba yako alifikiri vizuri," akasema. "Lakini niambie. Kiti ambacho hakijatiwa pini kabisa, kina uzi?"

"Hapana."

"Na kiti kilichokaguliwa kikapita?"

"Hapana."

"Basi ukikuta kiti kitupu, kinakwambia nini?"

Akasema alama ya usalama ni lazima iwe kitu kilichopo, kitu unachoweza kukishika, kamwe isiwe kitu kilichoondolewa, maana kisichokuwepo hakiwezi kushuhudia chochote. Aliendelea kuongea lakini sikusikia tena. Niliomba kutoka, nikajifungia chooni nikalia mpaka Mutua akaja kugonga. Nililia kwa sababu Baba alidanganywa na uzi wake mwenyewe, na aliyeuachia nafasi ya kumdanganya ni mimi. Nilidhani alikufa bila kujua kosa la uzi huo.

Kumbe alijua. Wiki iliyopita Wangui alinitumia picha. Alisema umeita watu wa vyuma vikuukuu waje waibebe bembea, na kama nataka kuiona mara ya mwisho, ndiyo hiyo. Nimeikuza picha hiyo mpaka macho yakauma. Mama, kama barua hii imefika kabla yao, toka nje uangalie. Kwenye kila mkono, pale pini inapoingia, kuna kipande cha bati kilichopakwa rangi nyekundu. Kimefungwa kwa bawaba. Pini ikiwa ndani, inakisukuma kinasimama. Pini ikitoka, kinalala. Hakuna kufunga, hakuna kukata, hakuna kukumbuka. Hicho ndicho kitu ambacho Luz alitufundisha, na huku kuna watu wamekisomea chuo kikuu. Baba alikitoa kichwani mwake, ndani ya kile kibanda chake cha ufundi, siku zile wewe ulipokuwa unasema amejificha ananuna. Alitengeneza bembea isiyoweza kumwangusha mtoto, na hakuipandisha mtoto hata mmoja.

Hesabu hayo mabati, Mama. Saba yamesimama. La kiti cha saba limelala. Pini nyingine angeichonga kwa dakika kumi, unamjua mkono wake. Hakuichonga. Alijua ile ya kwanza iko wapi na iko kwa nani, na aliacha nafasi wazi.

Sasa fungua kitambaa.

Ndiyo hiyo. Nimeipaka mafuta isishike kutu. Naomba uipe Wangui na umsomee barua hii yote, usiruke pale penye mpira. Yeye ndiye mwenye mguu, na neno la kwanza ni lake. Akitaka kuitia kwenye kiti cha saba aitie, bati lisimame. Akitaka kuitupa kwenye mto, ni haki yake. Baada ya hapo watu wa vyuma waiache bembea au waibebe, sitasema kitu. Na mimi nikasirikie, Mama. Kama hutaki kusikia sauti yangu, sitapiga mpaka uniite. Hasira hiyo ilikuwa yangu tangu zamani, Baba alinibebea tu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie asante kwa kuchimba kaburi kwa mkono wake wakati mwana wa mwenye kaburi hayupo. Nisalimie shangazi wa Kangari na majani yake ya chai. Nisalimie Mama Nyambura jirani, aliyekaa nawe usiku ule wa matanga. Kwa Wangui sina salamu ya kutosha. Mwambie cherehani ya pale stendi isimchoshe, apumzishe nyonga.

Na Baba pia, nisalimie. Yuko hapo karibu nawe, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Nilimwambia Wangui asikuitie Baba tena, kwa hiyo ni wewe tu uliyebaki. Leo chakula kikiiva, kabla hujapakua, toka nje na leso yako. Usiombe msamaha, hukumkosea kwa kujua. Wala usimweleze mambo yangu, anayajua. Mwambie tu kwa mdomo wako mwenyewe kwamba chakula kiko tayari.

Ni mimi mwanao niliyenyamaza,

Muriithi.