Chomeka, Hesabu, Nakili, Chomoa

Ijumaa, 12 Julai 2024
Kliwon leo, kwa kalenda yetu ya Kijava. Mas Sasongko alizaliwa Ijumaa Kliwon, na kila siku hiyo iliporudi, baada ya siku thelathini na tano, alinakili kompyuta yake. Kwa mkono! Hakutaka programu ifanye kazi kwa siri nyuma ya mgongo wake. Mashine ifanye nililoiambia, basi — ndivyo alivyosema. Mume wangu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu.

Nimefuata karatasi yake ukutani: chomeka diski, hesabu, nakili, chomoa. Faili 212, zote sauti yake, hadithi alizosimulia redioni. Ya mwisho ni yangu. Aliirekodi kitandani, mapafu yamekwisha. Anavuta pumzi kwanza, ndefu, halafu ananiita, "Dik Ningsih." Nyingine kama hiyo haipo popote, ila hapa na kwenye diski. Diski nimeirudisha ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati.

Jumapili, 4 Agosti
Nimerudi sokoni, nikamkuta shemeji yangu Yitno kwenye kompyuta. Eti anaisafisha. Kanywa chai, kala tempe zangu zote, kaondoka.

Jumanne, 6 Agosti
Kompyuta inapumua! Sikuigusa mimi. Nilikuwa nakaanga, nikasikia feni yake inazunguka. Taa inapepesa. Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi nikaita, "Mas?" Kwa sauti kabisa, mtu mzima mimi. Taa ikazimika.

Ibu, mama mkwe, aliniona. Hakushangaa. Siku ya elfu tangu afariki imekaribia, akasema, na mwanawe bado yumo humu ndani kwa sababu nimemfunga.
"Unamfungulia sauti kila siku, Nduk, mwanangu. Ataondokaje?"
Nikamjibu simfungi mtu. Kwa ukali. Sijamwomba radhi.

Alhamisi, 8 Agosti
Tena. Saa nne asubuhi, saa aliyozoea kuanza kazi. Naogopa, na kesho nataka tena. Nimemwekea kahawa. Najicheka ninapoandika, lakini nimemwekea.

Jumamosi, 10 Agosti
Si yeye.

Nimefungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Moja siijui, imepangwa kuamka saa nne. Nikampigia Yitno.
"Lo, Mbak, hiyo inahifadhi yenyewe mtandaoni! Achana na mambo ya kizamani."
Mtandao wenyewe hatuna! Inaamka, inajaribu, inashindwa, inalala. Nimeiondoa. Nyumba kimya. Nimelia kuliko siku ya mazishi, kisha nikamwaga kahawa.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimehesabu. 211.

Nikahesabu tena. Ni yangu isiyokuwepo. Hata kwenye pipa la taka la kompyuta, hakuna kitu. Yitno kwenye simu alizungukazunguka weee, mwisho akasema nimuulize mama yake.

Ibu alikuwa anamenya vitunguu. Hakukana. Alimwomba Yitno afute moja tu. Zile nyingine anasimulia, akasema, lakini hiyo anaita mtu, na anayeita hawezi kwenda. Nilitaka kupindua sinia lile la vitunguu.

Sikumwambia kuna diski.

Alhamisi, 15 Agosti
Majirani wamejaa jikoni tangu alfajiri. Vitumbua vya apem, wali wa nazi, kuku. Dua baada ya magharibi. Kesho asubuhi tunamwachia njiwa, roho yake iende naye. Ibu amemnunua mwenyewe, mweupe. Yeye hajala kitu leo. Nimemwona anaipangusa picha ya mwanawe kwa pindo la nguo, anarudia palepale.

Ijumaa, 16 Agosti
Kliwon. Siku ya elfu. Ni siku yake ya kunakili pia, na mimi sijawahi kuruka hata moja.

Nimechomeka. Nimehesabu: diski 212, kompyuta 211. Amri aliyoiandika Mas huifanya diski iwe sawa na kompyuta. Kisichokuwepo huku, kinafutwa kule. Ila huuliza kwanza. Imeuliza: faili moja itafutwa, ndiyo au hapana?

Nimekaa nalo swali hilo tangu saa mbili. Naandika ili nisibonyeze. Nikisema hapana, je, nitakuwa nimemzuia kweli? Nikisema ndiyo, nitamsikia wapi?

Ibu ameingia na tundu la njiwa. Watu wanatungoja nje. Ameliona kopo. Nimemwambia ukweli wote, nikajikaza, nikingoja aniamuru nifute.

Ameketi kwenye kiti cha mwanawe, tundu mapajani.
"Ipo humo?"
"Ipo, Ibu."
Kisha akaniambia kwamba miaka yote hii nilipomfungulia sauti, yeye alikuwa anakwenda kisimani na kuziba masikio. Hajamsikia hata mara moja tangu tumzike.
"Nifungulie, Nduk. Mara moja. Halafu ubonyeze unavyotaka."

Nimeifungua kutoka kwenye diski. Swali bado liko pembeni ya skrini. Ibu ameinama, sikio kwenye spika. Njiwa anakwaruza tundu. Yitno anaita nje kwamba tunachelewa, hakuna anayemjibu.

Pumzi inaanza.

Ibu ameukamata mkono wangu, ule ulio juu ya vitufe. Naandika kwa huu mwingine. Nimejaribu kuuvuta. Hauachii —