Mluzi wa Redio ya Njoroge

Jumatatu, 10 Novemba 1958

Kusahihisha madaftari ya darasa la pili mpaka macho yakawasha. Uji. Kisha redio ya kaka yangu Njoroge, kama kila jioni, na kama kila jioni ikapiga mluzi. Ukiacha sauti chini, inasema vizuri. Ukiipandisha tu, fiiii, mpaka meno yanauma. Nilikunywa uji wangu nje.

Habari kubwa: kwaya yetu ya kanisa iliyorekodiwa mjini itachezwa redioni Jumapili, saa kumi alasiri. Ubeti wa tatu naimba peke yangu. Nimefurahi hadi nimeunguza maharagwe.

Jumanne, 11 Novemba

Kitumbua kimeingia mchanga. Mama hatasikia. Tangu ile homa ya mwaka juzi, sauti ya kawaida haimfikii. Kanisani hukaa mbele kabisa akitazama midomo yetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba, na hajanisikia tangu hapo. Nikimwimbia sikioni lazima nipige kelele, na kelele si wimbo.

Redio ikipandishwa hadi mwisho angesikia. Lakini ikipandishwa hadi mwisho ni mluzi mtupu. Kwa hiyo kijiji kizima cha Waithaka kitanisikia isipokuwa yeye. Sikubali.

Jumatano, 12 Novemba

Njoroge amejaribu dawa zake zote. Amehamishia waya wa nje, ule wa kunasia mawimbi, juu ya mparachichi. Ameipiga redio makofi. Ameifunika kwa blanketi, tena langu. Waimbaji wakazama, mluzi ukabaki. Nilimwambia mkono mzito si ufundi. Akanuna.

Baadaye akasema tuache kuichezea, betri inakaribia kwisha. Ni kweli. Nyingine hatuna. Sasa naogopa mambo mawili.

Ijumaa, 14 Novemba

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda mjini, redio mapajani, imefungwa ndani ya leso yangu ya kujitanda. Njiani askari alitazama pasi yangu, kibali cha kuingia mjini, akatazama leso, akanifanya nifungue mafundo yote mbele ya watu.

Fundi wa redio wa mtaa wa River Road aliisikiliza kidogo tu. Alisema valvu zimechoka, zile chupa za kioo za ndani. Mpya ziagizwe, nirudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Nikamwambia kwaya haitanisubiri. Akacheka kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko jibu. Nimerudi nayo vilevile. Nimelia ndani ya basi na sikujificha.

Jumamosi, 15 Novemba

TUMESHINDA. Lazima niandike yote.

Asubuhi Njoroge alifungua mgongo wa redio aone hizo chupa. Akawasha, akapandisha sauti. Fiiii. Sote wawili vidole masikioni. Mama akaingia. Mluzi ule yeye hausikii hata kidogo, ni mwembamba mno kwa masikio yake. Alichoona ni vumbi. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa, kama anavyopangusa kila kitu humu ndani. Akashika chupa ya kwanza, fiiii. Akashika ya pili.

Kimya. Mtu anasoma habari, safi kabisa.

Akaachia: fiiii. Nikapiga kelele, "Mama, usiachie!" Hakusikia, akaendelea na chupa ya tatu. Njoroge naye akaigusa ile ya pili kwa kidole. Mtu wa habari akarudi.

Chupa ilikuwa inatetemeka! Spika inaitikisa, nayo inapiga mluzi, mluzi unatoka kwenye spika na kuitikisa zaidi. Chini ya lile bati linalobeba chupa kuna vipande vinne vya mpira vya kuzuia mtikisiko. Vimekauka, vigumu kama kokoto. Havizuii chochote.

Mpira. Kwenye msumari ukutani ilining'inia tyubu ya akiba ya baiskeli ya Njoroge. Nilikuwa nimeshaitia mkasi aliposema, "Hiyo ni mpya! Wambui, hiyo ni mpya!" Alisema na mengine, siyaandiki. Vipande vipya chini ya kila kona ya bati, na pete ya mpira kiunoni mwa ile chupa.

Tukapandisha. Tukapandisha tena. Hadi mwisho. Hakuna mluzi!

Tukazima haraka, betri. Nilicheza jikoni peke yangu na mwiko mkononi. Hata Njoroge alicheka, tyubu yake ikiwa vipande mezani.

Jumapili, 16 Novemba

Majirani walijaa mpaka uani. Sauti juu hadi mwisho, kuku wakatawanyika. Mama kwenye kiti, magoti yakigusa meza ya redio.

Ulipofika ubeti wa tatu sikujisikiliza. Nilimtazama yeye. Kichwa kilitulia. Kisha mguu wake ukaanza kupiga mapigo, taratibu, na kila pigo likaangukia mahali pake. Nikajua ananisikia. Watu walipiga makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, nami nilisimama nikipokea yote kama bibi harusi, bila haya. Nimeushinda mluzi. Nimemshinda fundi na wiki zake mbili.

Betri ilikufa wimbo uliofuata. Ife tu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Baada ya shule nilikaa na Mama tukichambua maharagwe. Ungo ulikuwa karibu kwisha aliponigusa goti.

"Kwenye ubeti wa tatu ulivuta pumzi katikati ya neno. Ndivyo nilivyokufundisha mimi?"

Nilimwambia hapana, Mama, sivyo. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea maharagwe yaliyobaki.